Methodi ipo, kompaila inasema haipo: kwa nini treiti huletwa kwanza ndipo methodi zake ziitwe

Swali

Shikamoo mwalimu. Ninajifunza Rust baada ya miaka kadhaa ya Python, na kuna jambo limenikwamisha wiki nzima. Nimeandika programu fupi ya kufungua faili na kuandika mstari mmoja:

```rust
use std::fs::File;

fn main() -> std::io::Result<()> {
    let mut faili = File::create("kumbukumbu.txt")?;
    faili.write_all(b"mwanzo\n")?;
    faili.sync_all()?;
    Ok(())
}
```

Kompaila inakataa. Inanipa kosa E0599 na kusema `File` haina methodi iitwayo `write_all` katika upeo huu (scope, yaani eneo la msimbo ambamo jina linaonekana). Lakini nimefungua ukurasa wa nyaraka za `File`, na `write_all` naiona kwa macho yangu! Nikiongeza `use std::io::Write;` juu ya faili, kosa linaondoka. La ajabu zaidi, `sync_all` iliyo mstari unaofuata haikuwahi kulalamikiwa. Wenzangu wananiambia "ongeza tu, usiulize". Mimi nataka kuelewa: kwa nini niombe ruhusa ya kutumia methodi ya kitu ambacho tayari ninacho mkononi? Na nitakapoandika maktaba yangu mwenyewe, niweke kazi zake kwenye treiti au kwenye methodi za kawaida?

Jibu

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kulikataa jibu la "ongeza tu". Mstari ule wa `use` unaonekana kama urasimu, kumbe nyuma yake kuna uamuzi mmoja wa wabunifu wa lugha. Ukishauelewa, makosa mengi yatakayokujia baadaye utayasoma bila kubahatisha.

Rudi kwenye ukurasa wa nyaraka uliousoma, na safari hii tazama `write_all` imekaa chini ya kichwa gani. Ukurasa wa `File` una sehemu mbili kubwa. Ya juu ina methodi za `File` yenyewe: `create`, `open`, `metadata`, `set_len`, na hiyo `sync_all` yako. Hizi zimeandikwa ndani ya `impl File`, bila treiti (trait) yoyote, yaani bila kupitia orodha ya methodi ambazo aina mbalimbali huahidi kuzitimiza. Sehemu ya chini inaorodhesha treiti ambazo `File` inazitekeleza: `Read`, `Write`, `Seek` na nyinginezo. `write_all` iko huko chini, ndani ya `impl Write for File`. Macho yako hayakukudanganya. Ila ulichokiona ni methodi ya `Write`, na `File` ni mmoja tu kati ya wengi walioahidi kuitimiza.

Tena ukichimba zaidi utakuta kwamba treiti ya `Write` inadai mambo mawili tu kutoka kwa kila anayeitekeleza: `write` na `flush`. `write_all` imeandikwa mara moja, ndani ya treiti yenyewe, juu ya mgongo wa `write`. Kazi yake ni kurudia: `write` inaweza kupokea sehemu tu ya baiti ulizompa na kukwambia imechukua ngapi, kwa hiyo `write_all` inazunguka mpaka baiti zote ziishe, na ikikatizwa njiani na ishara ya mfumo inajaribu tena. Msimbo huohuo unawahudumia `File`, `TcpStream`, `Vec<u8>` na hata aina utakayoitunga wewe kesho. Ndiyo sababu si haki kuiita mali ya `File`.

Sasa kompaila inapofika kwenye `faili.write_all(...)`, inajiuliza: ni `write_all` ipi hii? Inatafuta kwanza kwenye methodi za aina yenyewe. Isipopata, inatafuta kwenye treiti zilizomo katika upeo wa mahali hapo, yaani treiti ambazo umezileta kwa `use`, ulizozitangaza papo hapo, au zile chache ambazo lugha inakuletea yenyewe. Haizunguki kwenye treiti zote zilizowahi kuandikwa duniani. `Write` haikuwa katika upeo wako, basi kwa mtafutaji huyo ni kama haipo.

Kwa kuwa umetoka Python, hapa kuna mtego wa mazoea. Kule `import` inaendesha faili. Kuna kitu kinatokea programu inapokimbia. `use` ya Rust haipakii chochote na haimgharimu mtumiaji wa programu hata chembe. Msimbo wa `impl Write for File` umo ndani ya maktaba ya kawaida, uwe umeandika `use` au hukuandika. Unaweza kulithibitisha hili sasa hivi. Futa `use std::io::Write;`, kisha andika hivi mahali pa mstari uliokataliwa:

```rust
std::io::Write::write_all(&mut faili, b"mwanzo\n")?;
```

Itapita. Umeitaja treiti kwa njia yake kamili, hakuna cha kutafuta tena. Kwa hiyo uwezo wa `File` kuandika haukupotea hata dakika moja. Kilichokosekana ni ruhusa ya kutumia nukta, kwa sababu nukta ndiyo inayoanzisha msako.

Basi kwa nini msako uwekewe mipaka?

Hapa ndipo penye moyo wa swali lako, na nitakaa hapa kidogo.

Rust inakuruhusu kufanya jambo ambalo lugha nyingi hazikubali au hulikubali kwa hatari: unaweza kuibandikia methodi mpya aina ambayo hukuiandika wewe. Tazama mfano huu:

```rust
pub trait Usafi {
    fn safisha(&self) -> String;
}

impl Usafi for str {
    fn safisha(&self) -> String {
        self.split_whitespace().collect::<Vec<_>>().join(" ")
    }
}
```

`str` ni ya maktaba ya kawaida, lakini sasa ukiwa na `Usafi` katika upeo unaweza kuandika `"  habari   yako ".safisha()` na nafasi zilizozidi zikaondoka. Sheria inayolinda jambo hili ni kwamba, ili uandike `impl`, ama treiti iwe yako ama aina iwe yako. Huwezi kuchukua treiti ya mtu na aina ya mtu mwingine ukawafungisha ndoa bila wao kuwepo. Kwa sheria hiyo, utekelezaji wa treiti fulani kwa aina fulani unakuwa mmoja tu katika programu nzima.

Lakini sheria hiyo inalinda utekelezaji, hailindi majina. Hakuna kinachomzuia mwandishi wa kreti nyingine (crate, kifurushi cha msimbo wa Rust) kuwa na treiti yake, ameiita jina jingine kabisa, yenye methodi ya `safisha` kwa `str` hiyohiyo, na kwake `safisha` ikawa na maana ya kuondoa vitambulishi vya HTML. Treiti ni mbili tofauti, kila moja ni halali, na jina la methodi ni moja.

Sasa fikiria kompaila ingekuwa inatafuta kila mahali. Mradi wako unategemea kreti kumi, nazo zinategemea nyingine themanini ambazo hujawahi kuzisikia. Siku moja unasasisha mojawapo, na ndani kabisa ya mnyororo ule mtu ameongeza treiti yenye `safisha`. Faili lako, ambalo hukuligusa, linakataa kukompaili kwa sababu jina limekuwa na wenyewe wawili. Huo ndio uwezekano mwema. Uwezekano mbaya ni kwamba linakompaili, ila methodi inayoitwa si ile uliyoikusudia. Katika programu ya mfumo inayoandika kwenye diski au kuendesha pini za kifaa, sitaki hata kuuwazia.

Sharti la `use` linaufunga mlango huo. Maana ya `faili.write_all(...)` katika moduli yako inategemea aina ya `faili` na treiti ulizoziita wewe, basi. Mgeni aliye kreti kumi mbali hawezi kuibadilisha kwa kuongeza treiti yake. Ukiwaleta wote wawili wenye `safisha`, kompaila haichagui kwa niaba yako. Inatoa kosa E0034 kwamba majina yamegongana, na unalimaliza kwa kumtaja unayemtaka: `Usafi::safisha(maneno)`.

Ubaya huu si wa kufikirika. Hata wasimamizi wa Rust wenyewe wamelazimika kuuzunguka. Maktaba ya kawaida ina moduli ya `std::prelude`, nami nitaiita utangulizi, ambayo vitu vyake huingia katika kila moduli bila kuombwa. Humo ndimo zilimo `Iterator`, `Clone`, `Into`, `ToString` na wenzao, na ndiyo maana `map` na `clone` hazijawahi kukusumbua: ni methodi za treiti kama `write_all`, tofauti ni kwamba treiti zake umeletewa. Ilipoonekana kwamba `TryInto` nayo inastahili kuwemo, haikuwezekana kuiongeza kimyakimya, kwa sababu miradi iliyokuwa na treiti zake binafsi zenye `try_into` ingeanza kugongana. Ikasubiri edisheni ya 2021 (edisheni ni seti ya kanuni za lugha ambayo kila mradi hujichagulia), iliyotoka na Rust 1.56 mwezi Oktoba mwaka huo, ikaingia pamoja na `TryFrom` na `FromIterator`. Mradi unaobaki kwenye edisheni ya 2018 hauzioni mpaka uzilete. Vivyo hivyo `Future` na `IntoFuture` zilisubiri edisheni ya 2024, iliyotoka na Rust 1.85 Februari 2025. Ona uzito wake: treiti chache tu kuingia katika upeo wa watu wote, na ilibidi isubiriwe edisheni mpya ya lugha.

Pale ambapo huhitaji `use`

Kuna hali mbili ambazo zitakushangaza kwa upande wa pili, kwamba mbona hapa imekubali.

```rust
fn andika<W: std::io::Write>(mahali: &mut W) -> std::io::Result<()> {
    mahali.write_all(b"mwanzo\n")
}
```

Hakuna `use` popote. Ndani ya fanksheni hii kompaila haijui chochote kuhusu `W` isipokuwa sharti ulilomwekea: anatekeleza `Write`. Treiti imeshatajwa kwenye sharti lenyewe, hivyo methodi zake zinahesabiwa kama za `W` mwenyewe. Ni vivyo hivyo kwa `&mut dyn std::io::Write`; treiti ndiyo aina yenyewe, ungeitafuta wapi tena? Mtu anayeihamisha fanksheni kutoka `W` ya jeneriki (inayosimama badala ya aina yoyote) kwenda `File` halisi ghafla hupata E0599 na kudhani ameharibu kitu. Hajaharibu. Ameondoa sharti lililokuwa linamletea treiti.

Na kuna hali ambamo unahitaji `use` bila kuona kwa nini. Makro ya `writeln!` ni mfano mzuri. Ukiandika `writeln!(faili, "jumla: {}", n)?` bila kuleta treiti, kosa litazungumzia `write_fmt`, neno ambalo hukuliandika popote. Makro hiyo inafunguka na kuwa mwito wa `faili.write_fmt(...)`, na `write_fmt` ni methodi ya treiti kama nyingine. Jambo la kuongeza utata ni kwamba kuna `Write` mbili: `std::io::Write` ya baiti, na `std::fmt::Write` ya maandishi, ambayo ndiyo utakayoihitaji ukitaka kuandika ndani ya `String`. Ukizihitaji zote mbili katika moduli moja, majina yatagongana kabla hata ya kufika kwenye methodi. Dawa yake ni hii:

```rust
use std::fmt::Write as _;
use std::io::Write as _;
```

Alama ya `as _`, iliyoruhusiwa tangu Rust 1.33 mwaka 2019, inasema: niletee methodi za treiti hii, jina lake sina haja nalo. Hakuna mgongano wa majina kwa kuwa hakuna jina. Wala methodi hazigongani, kwa sababu `String` inatekeleza ile ya maandishi tu na `File` ile ya baiti tu. Mimi huitumia hata pasipo mgongano, kila treiti ninayoileta kwa ajili ya methodi zake peke yake. Anayesoma anajua mara moja kwamba asiihangaikie kuitafuta chini.

Fanksheni zisizo na `self` nazo zinafuata sheria ileile. `Ipv4Addr::from_str("127.0.0.1")` inadai `use std::str::FromStr;`, lakini `"127.0.0.1".parse::<Ipv4Addr>()` haidai, kwa sababu `parse` ni methodi ya `str` yenyewe na ndani yake ndiyo inayomwita `FromStr`.

Kuleta treiti isiyohitajika

Watu wengi hujifunza kwamba kukosa `use` ni kosa, wakadhani kuzidisha `use` hakuna madhara. Nilikuwa hivyo, mpaka jioni moja niliyoipoteza kwa mistari hii:

```rust
let orodha = Rc::new(RefCell::new(Vec::<u32>::new()));
orodha.borrow_mut().push(7);
```

Msimbo sahihi kabisa: `Vec` imo ndani ya `RefCell`, inayoruhusu kubadilisha kilichomo, nayo imo ndani ya `Rc`, inayoruhusu kitu kimoja kuwa na wenyewe wengi. Siku iliyotangulia ulikuwa unakompaili. Sasa kompaila inaniambia haiwezi kuijua aina, eti niiandike wazi. Nikaongeza aina kila mahali, nikabadilisha `Vec`, nikatoa `Rc`. Wapi. Mwisho nikapanda juu kabisa ya faili na kukuta mstari ambao sikuuandika kwa mkono:

```rust
use std::borrow::BorrowMut;
```

Kihariri changu kilikuwa kimenipendekezea nilipokuwa naandika `borrow_mut`, nami nikabonyeza kukubali bila kusoma.

Fuatilia msako hatua kwa hatua uone kilichotokea. Kompaila inaanza na aina iliyo upande wa kushoto wa nukta, `Rc<RefCell<Vec<u32>>>`. Kwa aina hiyo inajaribu kuiita methodi kwa thamani yenyewe, halafu kwa `&`, halafu kwa `&mut`. Ikishindwa zote tatu ndipo inapovua ganda la `Rc` na kurudia yote kwa `RefCell`. `borrow_mut` niliyoitaka iko kwa `RefCell`, yaani ganda la pili. Lakini treiti ya `BorrowMut` inatekelezwa kwa kila aina bila kubagua, `Rc` ikiwemo. Nilipoiweka katika upeo, ikajibu kwenye ganda la kwanza, kabla msako haujafika ndani. Nikawa naita kitu kingine kabisa chenye jina lilelile. Nilipofuta mstari ule wa `use`, kila kitu kikatulia. Kama ningekuwa naihitaji treiti hiyo kwa kazi nyingine, ningeandika `RefCell::borrow_mut(&orodha)` na kuumaliza ubishi.

Kwa hiyo ile kanuni kwamba methodi ya aina yenyewe huishinda ya treiti ni kweli, ila ni kweli *ndani ya hatua moja ya msako*. Treiti inayojibu hatua ya mapema huishinda methodi ya aina yenyewe inayojibu hatua ya baadaye. Hiki ndicho kipengele ambacho ningependa mtu aniambie mapema.

Ni kwa sababu hiyo pia sipendi sana mistari ya `use kreti_fulani::prelude::*;` katika faili kubwa. Kwa `rayon`, kreti ya kuendesha kazi sambamba, naikubali, kwa kuwa bila hiyo `par_iter` haiwi na raha. `std::io::prelude::*` nayo ni salama. Inaleta `Read`, `Write`, `BufRead` na `Seek` tu. Lakini ukiziweka nne au tano za kreti mbalimbali juu ya faili moja, hujui tena umeita nini, na ulinzi wote niliokueleza umeutupa kwa hiari yako. Hata kreti maarufu ya `itertools` ina mgongano wa namna hii: methodi yake ya `intersperse` ina jina sawa na nyingine iliyo kwenye majaribio ndani ya `Iterator` ya maktaba ya kawaida, na ukiitumia kwa nukta kompaila hukuonya kwamba siku za usoni maana inaweza kubadilika. Onyo hilo usilizime. Iite kwa jina kamili, `Itertools::intersperse(...)`.

Umeileta na bado inakataa

Kosa E0599 halimaanishi kila mara kwamba umesahau `use`. Soma mistari ya chini ya kosa, ile ya msaada, kabla hujagusa kibodi. Kompaila ikijua treiti inayotekelezwa ila haimo katika upeo, inakutajia jina lake na mstari wa kuongeza. Ikisema methodi ipo ila masharti hayakutimia, `use` haitakusaidia: kwa mfano `HashMap` ambayo ufunguo wake hautekelezi `Hash` itakunyima `insert` hata ulete dunia nzima. Na `lines` ya `BufRead` hutaipata kwa `File` tupu. Lazima kwanza uifunike kwa `BufReader::new(faili)`, kwa sababu `File` haikuitekeleza treiti hiyo.

Hali inayowatesa zaidi watu wa vifaa vidogo ni ya matoleo mawili. Katika mradi mmoja nilioushughulikia, pini ilikataa `set_high` ingawa `OutputPin` ilikuwa imeletwa vizuri, juu, mbele ya macho ya kila mtu. Kreti ya kichakataji ilikuwa inatekeleza treiti ya `embedded-hal` 0.2 (kreti ya treiti za pamoja za vifaa vidogo), sisi tukawa tumeleta ya 1.0, toleo lililotoka Januari 2024. Jina la treiti ni lilelile, jina la methodi ni lilelile, lakini kwa kompaila hizo ni treiti mbili zisizojuana, kwa kuwa zimetoka kwenye matoleo mawili ya kreti. Amri ya `cargo tree -d` ilituonyesha kreti hiyo imeingia mara mbili. Ukiwa umeleta treiti, jina ni sahihi, na kosa linang'ang'ania, anza na amri hiyo.

Jambo jingine dogo: upeo ni wa moduli, si wa faili. `use` iliyo juu haishuki ndani ya `mod` uliyoifungua chini yake. Ndiyo sababu moduli za majaribio huanza na `use super::*;`, inayozoa hata treiti ambazo mzazi alizileta.

Na `use` inaweza kukaa ndani ya fanksheni moja. Naona watu hawaitumii nafasi hii inavyostahili. Chukua ruhusa za faili kwenye Unix:

```rust
#[cfg(unix)]
fn ruhusa(njia: &std::path::Path) -> std::io::Result<u32> {
    use std::os::unix::fs::PermissionsExt;
    Ok(std::fs::metadata(njia)?.permissions().mode())
}
```

`mode` haina maana kwenye Windows, kwa hiyo haikuwekwa kwenye `Permissions` yenyewe. Imewekwa kwenye treiti ya pembeni ambayo ni ya Unix pekee. Mstari wa `use` hapa unamwambia msomaji kwamba fanksheni hii imefungamana na mfumo fulani, na unamwambia palepale panapohusika. Kiambishi hicho cha `Ext` utakikuta kwingi, `StreamExt`, `AsyncReadExt`, na kila ukikiona jua ni treiti iliyoandikwa kwa nia ya kuongezea methodi aina za watu wengine, na kwamba bila kuiletea `use` hutaona methodi hata moja.

Maktaba yako

Sasa swali lako la mwisho. Aina ikiwa ni yako, na kazi ni ile ambayo kila mtumiaji ataihitaji siku ya kwanza, iandike ndani ya `impl` ya kawaida. Usimlazimishe mtu kuleta treiti ili afungue kitu alichokiunda kwa mikono yake sekunde moja iliyopita. Ukihitaji pia treiti, kwa kuwa kuna aina nyingine zitakazoitekeleza, unaweza kuwa na vyote viwili: methodi ya kawaida yenye kazi yenyewe, na `impl` ya treiti inayoiita hiyo. Mtumiaji wa kawaida hataijua treiti, na mwandishi wa jeneriki ataipata.

Treiti iweke pale ambapo aina si yako, kama nilivyofanya kwa `str`, au pale ambapo uwezo ni wa wengi na unataka wengine waandike fanksheni zinazowapokea wote. Ukifanya hivyo, ipe methodi jina mahususi kidogo. `safisha` ya mfano wangu ni jina baya kwa kreti ya umma, kwa sababu kila mtu ana maana yake ya kusafisha; `ondoa_nafasi_zilizozidi` ni refu, lakini halitagongana na la mtu. Na katika mfano wa kwanza kabisa wa nyaraka zako, andika mstari wa `use` waziwazi, usiufiche. Huo ndio mstari ambao msomaji wako wa kwanza atausahau, kama ulivyousahau wewe.